Kikombe cha Kinyozi

Mkono wa kinyozi ukianza kuchoka, wa kwanza kupata habari ni sikio la mteja. Siku hiyo sikio lilikuwa la fundi viatu, mzee wa watu ambaye alikuwa akikalia kile kiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ambaye hakuwahi kulalamikia kitu chochote duniani isipokuwa bei ya gundi. Wembe ulimpitia pembeni, kidogo tu, akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Kinyozi! Hilo sikio bado nalitumia!"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kinyozi naye akacheka. Lakini mkewe, mpishi wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu chake akitoka kazini, aliona ambalo wale wa benchi hawakuliona. Mumewe alikuwa ameushusha mkono wa kulia na kuushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemsaidia mwenzake mzigo.

Mkono Mwepesi, ndivyo mtaa ulivyomwita. Jina lenyewe limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Watoto waliozoea kulia kwa vinyozi wengine walisinzia kwenye kiti chake. Nywele za mpishi mwenyewe, ambazo alipenda ziwe fupi, hazikuwahi kuguswa na mtu mwingine tangu waoane. Kila zikianza kumwasha shingoni alikaa kwenye kigoda uani, akainamisha kichwa, na mumewe akampitishia wembe huku wakipiga soga.

Kinyozi alimfuta mzee damu kwa pamba, akachukua mashine ili amalizie upande wa pili. Mkono ulipanda hadi usawa wa bega, ukakataa. Akajaribu tena. Ukakataa tena, mashine ikiunguruma hewani bila kunyoa kitu.

"Tumalizie kesho, mzee wangu?"

"Kesho haina neno," fundi viatu akasema kwa upole, akavaa kofia juu ya kichwa kilichonyolewa nusu. Akaaga vizuri. Kisha, kwa kuwa mtaa ule umenyooka na kioo cha duka ni kikubwa, wote wakamwona akivuka barabara na kuingia kwa yule kinyozi mwingine, kijana wa muziki wa sauti ya juu. Hakuna aliyecheka. Mmoja kwenye benchi akakumbuka ana mgeni nyumbani. Mwingine akajipapasa kichwa akasema nywele zake hata hazijawa ndefu kihivyo.

Walipobaki wawili, kinyozi akakaa kwenye kiti chake cha kunyolea wateja, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Na dawa nimeacha! Mwezi na zaidi sijagusa kidonge. Nilisema ni vile vidonge vya kupunguza mafuta ya damu vinanikausha nyama. Haya, nimeviacha. Mbona mkono ndio kwanza unazidi? Sasa na mapaja yameanza. Mama, hili si la dawa. Hili ni jambo lingine."

"Jambo gani?"

"Ningelijua ningekuwa nimekaa hapa?"

Mpishi akachukua ufagio akaanza kufagia nywele za fundi viatu, ingawa hazikuwa hata za kujaza kiganja. Alitaka kisingizio cha kuangalia chini. Maana katika nyumba yao ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba kinyozi hajaacha dawa, na mtu huyo hakuwa kinyozi.

Basi msimhukumu upesi. Mama gani hajawahi kumdanganya mwanawe kwa kijiko cha sukari? Kidonge kichungu unakiponda, unakichanganya na kitu kitamu, unatabasamu, mtoto anameza, homa inashuka, na hakuna anayeitwa mwongo. Mpishi aliwalea wanawe hivyo mpaka wakakua wakaenda kujitegemea. Mkono wake uliijua kazi hiyo kabla akili haijaulizwa.

Tena alikuwa na sababu. Kaka yake kinyozi alikufa akicheka. Naye aliambiwa ana mafuta kwenye damu, akapewa vidonge, akavimeza siku chache, akavisukuma kando: mimi mzima, dawa ya nini? Mchana mmoja walikuwa mezani, yuko katikati ya kisa, wote wanasubiri sehemu ya kuchekesha. Akaweka mkono kifuani, akainama kama aliyeangusha kitu. Mpishi ndiye aliyeshika kile kichwa mpaka kikawa kizito. Kwa hiyo kinyozi alipopimwa na kukutwa na mafuta yale yale ya ukoo, akaandikiwa vidonge, mpishi alipumua. Na alipovitupa kwenye pipa la taka, mpishi alihisi sakafu ikiondoka.

"Moyo haushiki wembe!" kinyozi alifoka siku hiyo. "Moyo upone, mikono ife, tutakula nini?"

Alipotoka, mkewe akainama juu ya pipa, akaitoa ile chupa ya vidonge kati ya maganda na majani ya chai, akaifuta kwa upindo wa gauni.

Kilichobaki kilikuwa namna ya kumnywesha, na hilo likajileta lenyewe. Wifi yake, dada mkubwa wa kinyozi, ana mbalungi nyuma ya nyumba, na alikuwa na habari za uhakika, kama zilivyo habari zake zote, kwamba balungi linayeyusha mafuta kama sabuni. Akaleta gunia zima. Juisi yake chungu, inakunja uso. Mpishi akaonja akajua kazi imekwisha, kwani uchungu wa kidonge ungefichwa wapi pazuri zaidi? Kila asubuhi akawa anaponda kidonge kwa mgongo wa kijiko, anakamua, anachuja, anaongeza sukari kidogo. Kinyozi anakunywa, anakunja sura, anacheua.

"Mpishi, kama si wewe ningekuwa marehemu."

Maneno hayo mwanzoni yalimpendeza. Siku hizi akiyasikia aligeukia kuosha kijiko.

Kesho yake baada ya aibu ya fundi viatu, alimpa juisi tupu. Alishinda kazini akikoroga masufuria makubwa ya shule kwa moyo mwepesi kidogo, akijiambia ataangalia, mkono ukipata nafuu basi ni dawa, atatafuta namna ya kusema. Jioni yake kinyozi alikuwa akivua viatu, akasimama ghafla, akaweka kiganja kifuani.

"Nini?" mpishi akauliza kwa sauti iliyopasuka.

"Gesi tu. Mbona unanipigia kelele?"

Akacheua, akaendelea na viatu. Lakini mpishi alikuwa ameuona ule mkono, na mahali ulipowekwa. Asubuhi akaponda viwili, kimoja cha leo na kimoja cha kufidia siku aliyomnyima. Kesho yake akaona viwili ndivyo vyenye usalama. Mwoga akishika usukani, kila kona anakata zaidi ya inavyotakiwa.

Wifi alikuja bila kubisha hodi, kama desturi yake. Alikuwa amesikia huko aliko kwamba Mkono Mwepesi anakata watu masikio. Akalala kwao siku hiyo ili aone mambo kwa macho yake, na aliyaona: mdogo wake alishika ukuta kupanda ngazi mbili za mlangoni. Hakusema kitu. Wifi asiposema kitu, watu wenye akili hukaa chonjo.

Asubuhi mpishi alikwisha kukamua juisi na kuitia kwenye chupa ndogo ya chai, kinyozi akiwa bado anaoga. Akangoja. Maji yakanyamaza. Akangoja tena.

"Mama!" sauti ikatoka bafuni, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa. "Njoo. Peke yako."

Alimkuta amekaa kwenye kigoda cha kuogea, taulo mapajani.

"Siwezi kusimama."

"Huwezi vipi?"

"Naiambia miguu isimame, haisimami. Ninyanyue. Dada asijue."

Mpishi akampitisha mikono makwapani, akavuta. Mwanamume aliyekuwa akimbeba yeye wakicheza kwenye arusi za watu sasa alimwegemea kama gunia, akitetemeka mapaja. Alipopata kusimama, akamwonyesha kopo alilokojolea kwa kuwa choo hakukifikia.

"Na hebu angalia hii."

Wakaangalia wote wawili. Ilikuwa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni ikachemka mpaka ikabaki nyeusi.

"Mimi nimekula nini?" kinyozi akauliza.

Aliuliza tu, kama mtu yeyote angeuliza. Mpishi akashughulika kumfunga taulo. Mlangoni, kwa sababu mlango wa bafu lile haujawahi kufunga vizuri, wifi alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

"Hilo ndilo swali," wifi akasema. "Ndugu yangu analishwa nini humu ndani?"

"Dada, nipishe nivae."

"Sikupishi! Mwanamume kawa legelege, mkono hauinuki, mguu hauinuki, na mdomoni hana wimbo mwingine, mke wangu hivi, mke wangu vile, mke wangu juisi. Mimi si mtoto. Limbwata nalijua. Wanaume wametiliwa dawa kwenye chakula wakageuzwa mazuzu, nimewaona kwa macho haya!"

"Dada! Umevuka mpaka."

"Nyamaza, anayelishwa huwa hajui."

Mwanamke msafi angepiga kelele. Angemrushia wifi yake hilo kopo na kilichomo. Mpishi alisimama amemshika mumewe kiuno, macho chini, na wifi aliyezoea kujibizana naye tangu siku ya kwanza ya ndoa akaingiwa na shaka ya kweli.

"Ona," akasema polepole. "Hata hajibu."

Hospitali, kinyozi akatolewa damu na mkojo, wote wakakalishwa kwenye kiti kirefu mpaka makalio yakafa ganzi. Mpishi hakuomba dua yoyote iliyokamilika. Kila akianza, "Mungu wangu, isiwe," alishindwa kumaliza, kwa kuwa hakujua aombe isiwe nini.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mikwaruzo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma majibu, akayasoma tena, akamgeukia kinyozi.

"Misuli yako inavunjika. Ile nyama yenyewe, inameguka vipande vidogo na kuingia kwenye damu. Figo zinajitahidi kuvichuja, zinazidiwa. Ndiyo hiyo rangi ya mkojo. Leo umefika, vizuri. Ungechelewa, tungezungumza mengine. Unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Nilipewa za kupunguza mafuta, zile za kolesteroli. Zilinipa maumivu nikaacha. Zaidi ya mwezi sasa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Nilizitupa mwenyewe kwenye pipa. Muulize mke wangu."

Daktari akamtazama mpishi juu ya miwani. "Ni kweli, mama?"

Hapo ndipo mlango wa kukiri ulipokuwa wazi, na mpishi aliuona. Aliona pia uso wa mumewe, uso wa mtu aliyemtoa shahidi wake na kutulia. Alimwona na wifi, kamkazia macho. Kichwa chake kikaitikia chenyewe.

"Ni kweli," akasema.

"Basi dawa tunaiondoa kwenye hesabu," daktari akasema, na akakata mstari kwenye karatasi. "Ingekuwa yenyewe, kwa muda huo ungekuwa unapata nafuu, na wewe unazidi. Itabidi tutafute kwingine. Kuna magonjwa mwili wenyewe unaishambulia misuli yake. Tutakulaza, tutakata kipande kidogo cha nyama ya paja tukipime. Ikiwa ni hilo, dawa zake ni nzito na ni za muda mrefu. Sitaki kukudanganya."

Kinyozi akajishika paja, pale pale ambapo pangekatwa. "Sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kitoto.

"Daktari," wifi akadakia, "mnapima na vitu anavyolishwa mtu?"

"Vitu gani? Anakula nini?"

"Mke wangu ni mpishi," kinyozi akasema haraka, akimziba dada yake mdomo. "Anapika vizuri tu, mafuta kidogo, kama tulivyoambiwa. Na juisi ya balungi kila asubuhi."

Daktari akainua kichwa. "Balungi?"

"La kwangu mwenyewe, la uani," wifi akasema, kwa fahari isiyozuilika.

"Ungekuwa bado unameza vile vidonge vyako ningepiga kelele hapa ukuta uanguke," daktari akasema. "Balungi linaizuia dawa ile isivunjwe mwilini. Unameza kimoja, kinafanya kazi kama umemeza vingi. Limeshalaza watu hospitali. Lakini bahati yako uliacha. Kunywa tu. Tena maji maji unayahitaji sana sasa hivi, usiniachie mdomo ukauke."

"Umesikia?" wifi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulilegea. Akainama kwenye kikapu. Akatoa ile chupa ndogo ya chai. "Nimeichukua pale jikoni wakati mnahangaika kuvaa. Nilijua hamtakumbuka. Shika, baba, unywe."

Mpishi hakujua kwamba chupa imekuja. Aliiona ikifunguliwa, akaona juisi ikimiminwa kwenye kile kifuniko cha kunywea, yenye povu jembamba juu, na akajua kilichomo kwa kuwa aliviponda mwenyewe jua likichomoza, vidonge viwili, mpaka vikawa unga. Kinyozi akakipokea kwa mikono yote miwili, maana mmoja haukutosha. Akakiinua. Kilipanda polepole sana, kwa shida, na mpishi akawa na muda wote duniani wa kunyamaza.

"Usinywe," akasema.

Haikusikika vizuri. Kinyozi akasita. "Nini?"

"Usinywe, baba. Kuna dawa ndani."

Wifi akasimama kwa ghafla hivi kwamba kiti chake kikaanguka. "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

Daktari akamnyooshea kiganja bila kumtazama. "Dawa gani, mama?"

"Ile ile. Ya mafuta. Niliitoa kwenye pipa. Nampondea kwenye juisi."

"Tangu lini?"

"Tangu alivyoitupa."

"Kimoja kwa siku?"

"Kilikuwa kimoja." Mpishi akainua vidole viwili. "Sasa viwili. Niliogopa moyo."

Daktari akanyoosha mkono na kukitoa kikombe kwenye mikono ya kinyozi, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akakiweka mbali. Kisha akaanza kufanya mambo kwa haraka. Akamwita nesi, akaagiza dripu, akachana ile karatasi aliyoikata mstari na kuandika nyingine. Alipopata kupumua ndipo akamgeukia mpishi.

"Umenipa jibu bora kuliko vipimo vyote. Ungenipa nilipokuuliza, ningekushukuru." Halafu akamgeukia wifi. "Na balungi ulisema ni la nani?"

Wifi akafungua mdomo. "La... langu."

"Haya. Basi mlisaidiana."

Kinyozi hakupiga kelele. Mpishi alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, ingawa hakuwahi kupigwa. Mumewe alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu njiani ukijaribu kukumbuka mlikutana wapi. Kiti cha magurudumu kikaja, wakamweka, wakamsukuma.

Wodini walimwekea dripu mkono wa kushoto, na chupa ya mkojo chini ya kitanda. Ile chupa ndiyo ikawa saa ya mpishi. Daktari alisema figo zinaweza kuamka na zinaweza zisiamke, na kama haziamki kuna mashine, na mashine haikuwa katika hospitali ile. Mpishi akawa anakuja na kuinamia ile chupa kabla hata ya kusalimia. Nyeusi. Nyeusi. Alihisi kama yeye ndiye aliyeipika.

Wifi alikuwa naye kwenye baraza, wamekaa mbalimbali mwanzoni, kisha karibu. Ulimi wake ulikuwa umepunguziwa urefu.

"Mimi nilidhani ni limbwata," akasema hatimaye.

"Nilisikia ulivyodhani."

"Bora lingekuwa limbwata, wifi. Lingekuwa lako peke yako. Sasa na mimi nimo." Akajifuta pua kwa kitambaa. "Ule mti nitaukata."

"Mti umekukosea nini?"

Wakacheka, wote wawili, kicheko kibaya cha baraza la hospitali, kisha wakalia.

Chakula alichopika mpishi, kinyozi hakukigusa. Aligeuza uso ukutani, na lilipopita toroli la wodi akapokea uji wa hospitali, mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, akaunywa wote. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakujua kitu, akatania: "Mzee, mke kapika vizuri namna hiyo, wewe unakunywa maji ya chooni? Niletee mimi!" Mpishi akampa. Alimwangalia mgeni yule akila chakula cha mumewe na kulamba vidole, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Siku kinyozi alipozungumza, alizungumza akitazama dari.

"Watu wananipa shingo zao," akasema. "Hawajui nimeamkaje. Hawajui nimegombana na nani. Wanakaa, wanafumba macho, nawawekea wembe hapa, pana mshipa. Mimi nami nilifumba macho. Ukanipa kikombe nikanywa."

"Niliogopa utakufa."

"Najua."

"Kama kaka yako. Mimi ndiye niliyemshika, baba. Hukumshika wewe."

"Najua. Na mimi niliogopa. Lakini mimi niliogopa peke yangu." Akaivuta shuka mpaka kifuani. "Mwezi mzima najihesabu mtu wa ugonjwa usio na jina. Nainua kitana kinakuwa kizito kama jembe, nasema labda ndiyo kifo kinakuja kwa mtindo huu, kidogo kidogo, kinaanza na mikono. Nakuambia wewe, sina mwingine wa kumwambia. Na wewe jina la ugonjwa wangu unalo mfukoni, umekaa unanisikiliza."

Maneno ya kujitetea mpishi alikuwa nayo mengi, ameyapanga tangu siku ya kwanza, na yote yalikuwa ya kweli. Hakuna hata moja lililofaa. Akakaa, akamshika kidole kimoja cha mguu juu ya shuka, na mumewe hakukiondoa, lakini hakumtazama.

Figo ziliamka. Ile chupa ilianza kuwa ya rangi ya chai nyepesi, halafu ya asali, mpaka asubuhi moja nesi akaiinua dirishani akasema, "Haya, mwanaume, umerudi kukojoa kama watu," na wodi nzima ikapiga makofi. Mpishi aliichukua chupa ile akaenda kuimwaga mwenyewe.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliwakalisha. Mafuta ya ukoo bado yapo, akasema, na moyo bado unahitaji ulinzi. Kuna vidonge vya aina nyingine, vitaanza baadaye, kwa kiasi kidogo, kwa kupimwa damu. Walio wengi wanavimeza bila matatizo, na yeye pia huenda vikamkubali.

"Na ukisikia maumivu," akamwambia kinyozi, "njoo uniambie mimi. Usiliambie pipa." Kisha akamtazama mpishi, akaacha kusema alichotaka kusema.

Nyumbani, kinyozi alijipikia chai mwenyewe. Alisuuza kikombe kabla ya kukimiminia, hata kama kimetoka kuoshwa. Mezani mpishi alichota kutoka sahani ya mumewe akala kwanza, bila kuambiwa, na kinyozi hakumwambia asifanye hivyo. Vidonge vipya vilikaa katikati ya meza, mahali pa wazi, na ulipofika wakati wake kinyozi alivimeza mbele yake kwa maji aliyochota mwenyewe. Waliongea habari za mtaa, za watoto, za bomba linalovuja. Mazungumzo yalirudi nyumbani, lakini utani haukurudi. Hakumwita "Mpishi" tena. Alimwita "mama" tu wakati wote, na kwa sauti ya adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomtisha. Alilala akiisikiliza pumzi yake na kujiuliza kama mtu anaweza kupona mwili wote ikabaki sehemu moja tu.

Duka lilifunguliwa. Mkono ulikuwa umepona, au karibu. Ulipanda mpaka juu ya kichwa na kukaa huko muda wa kutosha kabla ya kuomba kupumzika. Tatizo likawa wateja. Walikuja, hilo hawakushindwa. Walikaa kwenye benchi, wakampa pole, wakasoma magazeti ya zamani, wakaulizana nani anaanza. Anza wewe. Aa, mimi sina haraka. Fundi viatu naye alikuja, akakaa, kofia kichwani, akasifia hali ya hewa.

Mpishi alipopita akitoka kazini aliwakuta hivyo. Kiti kitupu, mumewe amesimama nyuma yake, kitambaa safi begani, mikono haina kazi. Aliujua ule uso. Ulikuwa uso wa kwenye kigoda cha bafuni.

Akaweka kikapu chini. Akafungua kitambaa cha kichwani mbele ya wanaume wote wale, nywele zikatoka, ndefu, vurugu, kwa kuwa tangu hospitali hakuthubutu kuomba na hakuna aliyemwambia kaa. Akaenda akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe mimi," akasema.

Kinyozi akamtazama kwenye kioo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuangaliana machoni.

"Huogopi?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Naogopa."

"Na mimi."

"Basi anza."

Akamfunika kitambaa, akakifunga nyuma. Alimpitishia mashine juu, pembeni, akaushusha mkono ukapumzika, akaupandisha tena. Kisha akachukua wembe, akamwinamisha kichwa kwa vidole viwili, kama zamani, na mpishi akahisi ubaridi wa chuma chini ya sikio, pale penye mshipa. Moyo ulimdunda mpaka akadhani wembe unauhisi. Alitamani kuangalia kioo. Akafumba macho.

Wembe ukashuka. Ukapita. Ukarudi. Halafu ukasimama.

"Nimekukata," kinyozi akasema. "Hapa nyuma. Kidogo."

"Sijasikia kitu."

"Najua hujasikia. Ndiyo maana nakuambia."

Fundi viatu akavua kofia yake akaiweka gotini, kuonyesha kwamba anayefuata ni yeye. Kinyozi akachovya pamba kwenye spiriti akaibana pale palipokatwa, ikauma kweli kweli. Mpishi akalia, wazi, mbele ya benchi zima, mabega yakitikisika chini ya kile kitambaa, na kinyozi akasimama na wembe wake akasubiri amalize, ndipo akahamia upande wa pili.